Nyuma ya Shuka la Sinema

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, naikumbuka kwa shuka. Yalikuwa mashuka mawili meupe ya kitanda, yameshonwa yakawa moja, na upande mmoja lilikuwa na kiraka kikubwa kama kiganja cha mtu mzima. Lilitundikwa kati ya nguzo mbili uwanjani Newala, na juu ya shuka lile ndipo nilipowaona kwa mara ya kwanza watu wakicheza dansi la kurushana.

Haya naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kalamu nilijifunza kuishika ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, maana shuleni niliishia darasa la pili. Usinicheke mwandiko. Wenye mwandiko mzuri wengi tu huja kusaga mahindi yao kwenye mashine zangu, na foleni wanapanga kama wengine.

Kilichonifanya nishike kalamu ni wajukuu zangu wawili. Juzi hapa nyumbani Mkomaindo, Masasi, waligombana uani. Wamewaona mabingwa wa dansi kwenye simu, nao wanataka kucheza vilevile. "Ni mkono huu!" "Siyo, ni huo mwingine!" Mwisho wakaniita, "Babu, njoo uamue." Nikacheka mpaka nikakohoa. Ugomvi ule ni wangu. Niliugomba mimi kabla baba zao hawajazaliwa, na nusura uniharibie kitu nilichokitaka kuliko chakula.

Kitu chenyewe kilikuwa mlango.

Nilikuwa na miaka kama ishirini, mbeba magunia katika ghala la Newala. Lori likijaa, nasi wabebaji tunapanda juu ya mzigo mpaka Masasi kwenda kupakua. Pale Masasi palikuwa na ukumbi ambamo kila Jumamosi makarani na walimu walicheza dansi. Wengi wao walikuwa watu wa mikoa mingine, wenye mishahara. Mimi nilisikiliza magitaa nikiwa nje, miguu ikicheza yenyewe mchangani. Jumamosi moja nikaoga, nikaazima shati, nikaenda mlangoni. Mlangoni alisimama bwana mmoja aliyefunga tai hata jua likiwa kali namna gani. Sisi wabebaji tulimwita Bwana Tai.

"Wewe, unakwenda wapi?"

"Kucheza dansi, bwana."

"Dansi unalijua?"

"Nalijua."

Akanitazama kuanzia kichwani, akateremka polepole mpaka kwenye nyayo zangu. "Na viatu unavijua?"

Waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. Mmoja akaongeza, "Mwache akacheze na magunia yake, yenyewe hayakanyagwi yakalia."

Uhuru tulikuwa tumekwisha kuupata, mwanangu. Bendera yetu ilipepea pale bomani, watu wazima wanaitana ndugu. Lakini mlango ule ulikuwa bado haujapata habari. Nikaondoka na shati langu la kuazima, nikapanda juu ya lori kurudi mlimani Newala.

Haukupita muda, likaja tangazo. Sherehe za Saba Saba mwaka ule zingekuwa na mashindano ya dansi katika ukumbi uleule, na Newala nayo itoe jozi moja, mwanamume na mwanamke. Jozi itakayopita kwenye mchujo itaingia kwa mlango wa mbele, na majina yatasomwa. Niliposikia hilo la majina, moyo ulinipiga kama ngoma ya jando. Nikajiapiza kwamba Bwana Tai atalisoma jina langu kwa kinywa chake.

Sasa dansi la kuwashinda makarani nilipate wapi? Ndipo lilipokuja gari la sinema la serikali.

Miaka ile ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita. Ukisimama ukingoni mwa mlima asubuhi unaiona nchi ya Msumbiji imelala chini kule, bluu na kimya, kama haina shida yoyote. Na bado kila wiki watu walipanda kutoka huko na vifurushi vichwani na watoto mgongoni. Wamakonde kama sisi, lugha ileile isipokuwa matamshi kidogo. Tuliwapokea, tukawapa mihogo na mahali pa kujenga. Lakini kumpokea mtu ni jambo moja na kumpa kiti ni jambo lingine. Jioni ile ya sinema watu walipojaa, msimamizi alitangaza: "Wenyeji wakae mbele. Wageni wazunguke nyuma ya shuka. Sinema inaonekana pande zote!"

Wakazunguka bila kunung'unika. Mimi nilikuwa nimefika tangu alasiri na kigoda changu, nimekaa mstari wa kwanza kama bwana harusi. Nikamwambia jirani yangu, "Wale kule nyuma watatazama visogo." Tukacheka. Ngoma ivumayo sana hupasuka, lakini inapovuma haijui.

Zilianza picha za mbu na vyoo, kisha za kijiji cha ujamaa watu wanalima pamoja wakiimba. Halafu mwenye mashine akasema katika kipaza sauti kwamba sasa tutawaona mabingwa wa dansi liitwalo swingi, watu waliowashinda wachezaji wote wa kwao. Yakapita maandishi, kisha wakatokea mwanamume mweusi mwenye suruali pana na mwanamke mwenye sketi inayofunguka kama mwavuli. Mwanangu, mimi nimeona ngoma nyingi. Nimeona watu wakicheza juu ya miti mirefu wakapita juu ya paa la nyumba. Lakini miguu ya wale wawili ilikuwa kama bisi kwenye chungu cha moto. Mwanamume ananyosha mkono mmoja, mwanamke anakuja, anazungushwa, anapita chini ya mkono. Halafu kwa mkono wa pili mwanamume anamdaka kiuno, anamrusha, anampitisha nyuma ya mgongo wake, na yule mama anatua upande wa pili anacheka, wala mdundo haujakatika.

Watu walipiga kelele mpaka mwenye mashine akairudia ile picha. Kesho yake gari likaenda Kitangari. Nikaliandama kwa miguu, nikafika vumbi limenipanda mpaka magotini, nikakaa mbele tena. Mara tatu niliwaona mabingwa wale. Niliporudi nilichora nyayo zao mchangani nyuma ya ghala, nikawa natembea juu ya ile michoro mpaka wenzangu wakasema Issa amerogwa.

Kumpata mwenzangu wa kucheza naye ilikuwa kazi kuliko magunia. Baba mmoja aliniuliza, "Unataka kumshika binti yangu kiuno mbele ya watu. Mahari umeileta wapi, mfukoni au kichwani?" Wengine hawakuuliza, walichukua fimbo. Mwisho nikaambiwa habari za Filomena, msichana mgeni kutoka ng'ambo, aliyekuja na bibi yake tu. Ngoma za Jumapili watu walikuwa wanasimama kutazama miguu yake. Na usiku wa sinema alikuwapo.

Nikaenda kwao. Bibi yake nikamkuta amekaa juu ya mkeka anapukuchua mbaazi. Alikuwa mama wa zamani hasa, kipande cha mti, ndonya, kwenye mdomo wa juu, chale mashavuni, na macho ambayo hayakuwa na haraka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuoa?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kuomba Filomena tucheze dansi."

"Afadhali. Wa kuoa huja na maneno mengi." Akapukuchua kidogo. "Wewe ndiye yule wa magunia anayecheza peke yake nyuma ya ghala?"

"Ndiyo, bibi."

"Mtachezea hapa uwanjani kwangu. Jua liwe juu, na mimi niwe hapa."

Filomena alisimama mlangoni mwa kibanda, mwembamba, kichwa kimefungwa kitambaa. Nilimweleza habari za Masasi na mlango. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu. "Majina yatasomwa yote mawili?"

"Yote mawili."

"Basi nitacheza."

Siku ya kwanza tuligongana vipaji vya nyuso. Siku ya pili akanikanyaga, nami nikamkanyaga. Nikinyosha mkono wa kulia, yeye anakuja upande wa kushoto. Nikimzungusha huku, yeye anakwenda kule. Siku ya tatu tukasimama katikati ya uwanja kama majogoo.

"Ni mkono wa kulia!" nikasema. "Yule bwana alinyosha mkono kwenye kiraka. Kiraka kilikuwa kulia."

"Ndiyo, alinyosha kwenye kiraka," akajibu. "Na kiraka kilikuwa kushoto."

"Kwa sababu wewe ulikaa nyuma ya shuka! Nyuma kila kitu kimegeuka. Hata maandishi yalikuwa yamegeuka, hukuona?"

"Kusoma sijui, kaka Issa. Mikono naijua. Yule bwana alimwita mwenzake kwa mkono wa kushoto, akamrusha kwa mkono wa kulia."

Maandishi mimi niliyaona yamekaa sawa, herufi moja baada ya nyingine. Kwa elimu yangu ya darasa la pili nikaona huo ni ushahidi wa kutosha. Aliyekaa mbele ndiye aliyeona ukweli, basi. Na hapo, mwanangu, nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia nakunja uso. Nilisema, "Mgeni hamfundishi mwenyeji. Ukitaka kucheza na mimi, cheza nilivyoona mimi."

Mbaazi ndizo zilizosikika, zikidondoka kwenye ungo. Filomena akamtazama bibi yake. Bibi hakuinua kichwa. "Mfuate," akasema.

Nikavimba kama chura. Nilidhani nimeshinda.

Akanifuata kweli. Aliyageuza yote aliyoyaona, akayapanga upya kwa ajili yangu, na miguu yetu ikaanza kuelewana. Ila sehemu moja ilikataa. Mkono wa kulia ukishatumika kumwita, unaobaki wa kumrusha ni wa kushoto. Na mkono wangu wa kushoto ulikuwa wa kushikia tu. Magunia niliyabeba bega la kulia, nguvu zangu zote zilikaa huko. Kila nikimwinua, anapanda nusu. Nikawa namwambia, "Jirushe mwenyewe kidogo." Naye akawa anajirusha.

Siku ya mchujo tulikuwa jozi tatu. Mkuu wa waamuzi alikuwa mwalimu wa kutoka bara, mtu mpole mwenye miwani. Tulianza vizuri mpaka watu wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Ikafika ile ya kurusha. Nikamdaka Filomena kiuno kwa mkono wa kushoto, akapanda, akafika mgongoni, na mkono ukaniacha. Alianguka juu ya kiganja chake. Nilisikia kifundo cha mkono kinalia.

Kisha mmoja akasema, "Gunia limepasuka!" Na uwanja mzima ukacheka.

Mwalimu hakucheka. Alitusogelea akasema, "Miguu mnayo. Wale wengine hata miguu hawana. Nawapa wiki mbili mje tena peke yenu. Mkianguka tena, Newala haitapeleka mtu."

Asubuhi yake nikaenda kwa bibi. Ungedhani nilikwenda kuomba radhi. Hapana. Ujana ni moshi, mwanangu, na moshi humwumiza kwanza macho aliye karibu. Nilikwenda kulaumu. Nikamkuta Filomena mkono umefungwa majani na kitambaa, nikaanza, "Nilikwambia ujirushe, wewe ukachelewa..."

"Nyamaza," bibi akasema. Akaweka ungo chini, akajiinua taratibu kwa kushika goti, akaja kusimama mbele yangu uso kwa uso. Alinifika kifuani. "Fanya ninavyofanya."

Akainua mkono mmoja. Nami nikainua mmoja.

"Mkono wangu huu ni upi?"

Ulikuwa upande wangu wa kulia. "Wa kulia, bibi."

"Siku za mazoezi ulikuwa unaniona nikila. Nilikula kwa mkono huu?"

Nikautazama vizuri. "Hapana, bibi."

"Kwa hiyo ni upi?"

"Wa kushoto."

"Na wewe umeinua upi?"

Nikageuza shingo kuutazama mkono wangu mwenyewe, uko juu hewani. Ulikuwa wa kulia. Filomena akaangalia pembeni asicheke.

"Mtu akikuelekea usoni, kushoto kwake kunakuja kulia kwako," bibi akasema. "Sasa zunguka. Kaa mgongoni mwangu."

Nikazunguka. Akainua mkono uleule, nami bila hata kufikiri nikainua wa kushoto.

"Umeona? Kwetu anayefundishwa ngoma hasimami mbele ya fundi. Anasimama nyuma yake. Fundi akienda kushoto, naye kushoto. Mpaka aijue, uso wa fundi haoni. Uso wa fundi ni wa watazamaji, wewe mwana wa magunia. Mgongo wake ndio wa mwanafunzi."

"Lakini bibi, hata wao kule nyuma waliona uso."

"Waliona uso, ila shuka liliwageuzia mikono. Maandishi yaliharibika, mikono ikatengenea. Mkono wa kushoto wa yule mtu ulikuwa upande wa kushoto wa Filomena, sawasawa na aliyesimama mgongoni. Usiku ule mlituambia tukae nyuma, mkadhani mmetunyima. Mlitupa mahali pa wanafunzi. Wewe ulikaa mbele kutazamwa. Yeye alikaa nyuma kutazama."

Nilikuwa kijana wa kubeba magunia mawili kwa mpigo, lakini maneno yale yalinishinda uzito. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mbona hukuniambia, bibi, siku zote zile?"

"Ungesikia? Mwana akililia wembe, mpe." Kisha akautazama mkono wa mjukuu wake, na uso wake ukabadilika. "Lakini wembe ule haukukukata wewe. Umemkata huyu. Hapo na mimi nimekosea."

Akarudi kwenye mkeka wake. Mwanangu, mzee aliyenizidi miaka hamsini amekiri kosa lake mbele yangu bila kutafuna maneno, na mimi mwenye kosa kubwa nimesimama tu. Aibu ile ndiyo iliyonifungua. Nikamwambia Filomena, "Nisamehe. Uliona sawa. Na lile neno la mgeni na mwenyeji, nisamehe zaidi."

Alisema, "Maji nani atachota?"

Wewe uliyezaliwa bomba lipo hujui. Newala iko juu, maji yalikuwa chini bondeni. Wanawake waliteremka alfajiri kwenye ukungu, wakapanda na ndoo kichwani jua limeshatoka, na mtu aliyeoga ndoo nzima alisemwa kijiji kizima. Filomena kwa mkono ule asingeweza. Bibi asingeweza. Na mwanamume kuchota maji, siku zile, lilikuwa jambo la kuchekwa.

"Nitachota mimi," nikasema.

Walinicheka kweli. Siku ya kwanza wanawake kule njiani waliimba, wakanitunga papo hapo, shemeji ameolewa, shemeji amepewa ndoo. Nikapita katikati yao, ndoo begani. Filomena alikuja nami kunionyesha njia, maana ile njia ya mteremko ilikuwa na mawe yanayoteleza na mimi sikuijua. Yeye mbele, mimi nyuma. Niliweka mguu pale alipoweka mguu.

Siku ya tatu, tukiwa tunapanda, nikaona nyayo zake zimebadilika. Hatua, hatua, kagusa, kagusa, kazunguka. Alikuwa anacheza. Mkono mbovu kaukumbatia kifuani, ule mzima anaunyosha hewani kunionyesha. "Kushoto unaita," akasema bila kugeuka. "Sasa fikiria wa kulia unanidaka." Nikamfuata. Maji yakanimwagikia mgongoni, ndoo nzima ikabaki nusu, na bibi siku hiyo alitugombeza. Lakini kwenye njia ile, mwanangu, nyuma ya mgongo wa msichana niliyemdharau, ndipo nilipolijua dansi la mabingwa. Yale niliyoyaona mara tatu kwa macho yangu mbele ya shuka yalikuwa hayajaniingia mwilini hata siku moja.

Wiki mbili zilipoisha kifundo chake kilikuwa kimepona. Uwanjani kwa bibi nikamwita kwa kushoto, nikamdaka kwa mkono wangu wa magunia, akapita nyuma yangu kama mtoto wa ndege akatua. Bibi akaacha mbaazi. Alipiga kofi moja tu. Mwalimu alipotuona alivua miwani akaifuta, akavaa, akasema, "Tena." Tukarudia. Akatupitisha, akaniazima na viatu vyake. Vilikuwa vikubwa, tukavijaza matambara kwa mbele.

Saba Saba ikafika. Tulishuka mlima juu ya lori, sisi na wacheza ngoma na magunia ya ufuta, bibi amekaa mbele na dereva kama mkuu wa wilaya. Masasi ilikuwa imejaa watu mpaka kwenye majabali. Tukaenda kwenye ukumbi. Mlangoni, Bwana Tai, karatasi mkononi.

"Jina?"

"Issa, wa Newala."

Alinitambua. Macho yake yakaanza safari ileile ya kuteremka, yakafika chini yakakuta viatu. Akatafuta kwenye karatasi, akasoma kwa sauti, "Issa, Newala." Nilikuwa nimeingoja sauti ile miezi mizima, usingizini na nikiwa macho. Nilidhani nitafurahi kiasi cha kupaa. Nikaona ni mtu tu anasoma karatasi.

Akamgeukia Filomena. "Na huyu? Huyu ni wa hapa kweli?"

Filomena alikuwa amesimama hatua moja nyuma yangu, ametazama chini. Watu walikuwa wanasikiliza. Nikasema, "Filomena, wa Newala. Andika vizuri. Ndiye mwalimu wangu."

Kisha nikasogea pembeni, nikamwambia, "Tangulia." Akapita mbele yangu, na mimi nikaingia katika mlango ule nilioulilia, nikiwa nyuma yake.

Tulicheza. Sitakusimulia yote, kinywa hakichezi dansi. Nakwambia tu kwamba alipotua kutoka mgongoni kwangu, wale makarani waliokuwa wamekaa walisimama, na bibi alipiga kigelegele kikapita juu ya magitaa. Tulikuwa wa pili. Wa kwanza walikuwa mwalimu mmoja na nesi, wote wa Ndanda, na walistahili. Wale walikuwa hawakanyagi chini. Nilipotoka nilikwenda kwa yule mwalimu wa Ndanda nikamwomba, siku akifanya mazoezi, niruhusiwe kusimama mgongoni kwake. Alinishangaa. Filomena alicheka mpaka akakaa.

Usisubiri nikwambie tulioana. Bibi alifariki, tukamzika Newala, na kaburi lake nalisafisha mimi. Msumbiji ilipopata uhuru wake Filomena aliteremka mlima na vifurushi kama alivyokuja, safari hii akiimba. Miaka baadaye aliniletea salamu kwa mdomo wa mfanyabiashara mmoja: anafundisha ngoma watoto wa kwao, na wote anawapanga nyuma. Mke niliyemwoa, Mama Somoe, hadithi hii anaijua, na nikifika hapa huwa anakohoa. Haidhuru.

Mimi nilikwenda Ndanda, kwenye karakana. Nilifagia kwa miaka miwili nyuma ya mgongo wa fundi mitambo. Wenzangu waliosimama mbele yake kubishana naye walijua majina ya vyuma. Mimi nilijua mikono yake. Mashine tatu za kusaga unazoziona hapa zilitoka kwenye mgongo ule.

Sasa nisikilize, mwanangu, nikwambie wazi nisije nikafa nimekuficha. Kumtazama bingwa ni kuzuri. Tazama, shangaa, tamani. Lakini usidhani ukishaona umejua. Simu yako ina uso tu, haina mgongo. Mtafute mtu wa mwili na damu anayejua, umwombe akupe nyuma yake, ukae hapo bila haya mpaka miguu yako ielewe. Na anayekwambia amekiona kitu tofauti na wewe, usimwulize kwanza ametoka wapi. Muulize alikuwa amekaa wapi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipona, ila baada ya kumwangusha mgeni wangu. Wewe pona kabla. Na ukikosea, kiri upesi, kwa mdomo na kwa ndoo ya maji, maana mdomo peke yake ni mwepesi.

Wajukuu zangu nimewaamulia hivyo hivyo. Mmoja kasimama mbele, mwingine nyuma, mpaka wakapatana.

Mwenyezi Mungu akupe mgongo mwema wa kuufuata, akupe mkono wenye nguvu siku ya kumdaka mwenzako. Na siku utakayogeuka kutazama nyuma, akukutanishe na wanaokufuata wewe. Amina.